Aliyeumwa na Mbwa: Udongo au Sabuni?

Yaulizwa: mfuasi wa madhehebu ya Imam Shafi'i akiumwa na mbwa, je, alazimika kulisugua jeraha kwa udongo, kwa kuwa mate ya mbwa ni najisi nzito ioshwayo mara 7, mojawapo kwa udongo?

Hadithi ya Abu Huraira (R.A.) imetaja chombo alichoramba mbwa, mafakihi wakaufanyia mwili qiyas. Lakini jeraha bichi lina udhuru. Udongo huweza kubeba vijidudu vya pepopunda, na sheria haikubali madhara. Mafakihi wa Kihanbali wamesema udongo haulazimu pale unapodhuru, na sabuni husimama mahala pake.

Na sabuni ndiyo kinga ya kwanza. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi yatiririkayo na sabuni kwa dakika 15. Mara 7 zitapatikana humo. Kisha majeruhi apelekwe hospitali akachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Asingoje dalili, kwani za kichaa cha mbwa zikishadhihiri, kupona ni nadra mno.

Amepokea Jabir (R.A.), katika Sunan Abi Dawud, kuwa mtu mmoja alipasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali kwa kutoa fatwa bila ya ujuzi.

Basi imamu aulizwapo kuhusu jeraha, na amsikilize tabibu kabla ya kujibu.

Wallahu a'lam.