Rangi Zilizojificha Ndani ya Yai la Bata Mzinga

Mfugaji anamwingiza dume mmoja wa aina ya Narragansett kwenye banda la majike wa aina ya Bronze, anakusanya mayai, anayatotolesha, halafu anasubiri. Vifaranga wanapoota manyoya ya kweli, banda linajigawa lenyewe. Majike wote wamechukua rangi ya baba, kijivu cha chuma. Madume wote wamechukua ya mama, wanang'aa shaba. Hakuna hata mmoja aliyekosea mstari.

Anayeiona hali hiyo kwa mara ya kwanza hudhani ni mazingaombwe, kumbe ni hesabu. Kwa ndege mambo ya jinsia yako kinyume na ya binadamu: dume ndiye mwenye kromosomu mbili zinazofanana, na jike ana moja tu ya aina hiyo, aliyoipata kwa baba yake. Jeni ya kijivu cha Narragansett imekaa kwenye kromosomu hiyohiyo, na ni jeni dhaifu. Binti akishaipokea kwa baba, hana nyingine ya kuizima, basi inajitokeza. Mwana wa kiume naye amepokea ya baba na ya mama, na ile ya mama yenye nguvu inaifunika. Geuza ndoa, dume awe Bronze na jike awe Narragansett, na watoto wote watatoka rangi ya shaba, ila madume watakuwa wamebeba kijivu kimyakimya hadi kizazi kijacho.

Bata mzinga si bata. Ukoo wake ni wa kuku, kanga na kwale. Wenyeji wa Mexico walianza kumfuga takriban miaka 2,000 iliyopita, na Wahispania wakamvusha bahari kwenda Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Huko kila taifa likampa asili isiyo yake. Waingereza walimwita kwa jina la Uturuki, Waturuki nao wanamwita kwa jina la India, na Wareno wakamsingizia Peru. Sisi tukamwita bata, ingawa maji hayamhusu hata kidogo.

Walowezi wa Kizungu walimrudisha Amerika akiwa ndege wa nyumbani. Huko alikutana na jamaa zake wa porini, wakubwa na wakakamavu, na michanganyiko hiyo ndiyo iliyozaa Bronze na Narragansett, huyu wa pili akipewa jina la ghuba ya Rhode Island. Mwaka 1874 chama cha wafugaji wa ndege cha Marekani kilipotoa kitabu chake cha vipimo vya kila aina, ndani yake waliandikwa Black, Bronze, Narragansett, Slate na White Holland. Mwaka 1909 akaongezwa Bourbon Red, aliyekuzwa katika wilaya ya Bourbon, jimbo la Kentucky: mwili mwekundu wa udongo uliochomwa, mbawa na mkia vyeupe.

Bronze ndiye wa kutazamwa kwa karibu. Chukua unyoya mmoja wa mgongoni, uushike juani, uugeuze taratibu. Unaanza mweusi, unaingia shaba, unapita kijani, unarudi wekundu wa sufuria kuukuu. Ukiuweka kivulini, umezimika.

Uzuri huo haukumsaidia sokoni. Vijimanyoya vya ndege mweusi vinavyosalia baada ya kunyonyolewa huacha madoa kwenye ngozi, na mnunuzi wa mjini hataki madoa. Viwanda vikamchagua mweupe, kisha vikamtaka awe na kifua kikubwa zaidi na zaidi, mpaka dume akashindwa kumpanda jike. Leo karibu kila bata mzinga anayeuzwa katika maduka makubwa ya Marekani ametokana na mbegu iliyopandikizwa kwa mkono wa mtu. Shirika linalohifadhi mifugo ya asili lilipohesabu bata mzinga wa aina za kale mwaka 1997, lilipata ndege wazazi 1,335 tu katika nchi nzima, rangi zote zikijumlishwa. Wapo wafugaji wa kuku wa mayai Kibaha wenye ndege wengi kuliko hao.

Hapo ndipo ilipobidi kusema wazi ni nani anayestahili kuitwa bata mzinga wa kale, na kwenye masharti yaliyowekwa rangi haimo. Lazima wapandane wenyewe. Lazima wakue polepole, wafikie uzito wa kuuzwa kwa wiki 28 hivi. Lazima waweze kuishi nje na kuzaa kwa miaka, jike 5 hadi 7, dume 3 hadi 5. Rangi ni shati tu. Lakini ni shati linalomvuta mnunuzi, na pia ni shati linalomsumbua mfugaji, kwa sababu halionyeshi kilichovaliwa chini yake.

Weupe ndio mwongo mkubwa. Ndege mweupe amepokea jeni ya weupe kwa wazazi wote wawili, na jeni hiyo huzima rangi nyingine zozote alizonazo. Chini yake anaweza kuwa shaba, anaweza kuwa mweusi. Hutajua mpaka umchanganye na mwingine. Kinyume chake nacho hutokea: wazazi wawili wenye rangi ya shaba safi, kila mmoja amebeba nakala moja ya weupe, na kwa wastani kifaranga mmoja kati ya wanne anatoka mweupe pe. Jirani asiyejua atauliza ni dume gani aliruka ua. Slate, wa kijivu cha majivu, ana ukaidi wake mwingine. Jeni yake ina nguvu, nakala moja inatosha, kwa hiyo wazazi wawili wa Slate wanaweza kukuletea watoto weusi bila aibu yoyote.

Siri ya kuzitenga rangi hizi ni subira. Jike wa bata mzinga ana vijimirija ndani ya mwili ambamo mbegu za dume hukaa hai kwa wiki nyingi, hata kufikia 10. Mfugaji aliyebadilisha dume leo na kuanza kuweka mayai kwenye mashine wiki ijayo bado anatotolesha watoto wa yule wa zamani. Wanaojua kazi huwatenga majike mapema, kabla msimu wa kutaga haujafika, au mayai ya mwanzo wanayala.

Kuna kisa cha ajabu kuliko hicho. Kwenye kituo cha utafiti cha wizara ya kilimo ya Marekani, Beltsville, Maryland, walikuwa wamemkuza bata mzinga mdogo mweupe wa kutosha oveni ya familia ndogo. Miaka ya 1950 mtafiti Marlow Olsen aligundua kwamba mayai ya majike hao, ambao hawajawahi kumwona dume, yalikuwa yanaanza kuumba vifaranga, na wachache wakaanguliwa wakiwa hai. Wote walikuwa madume. Kama kuna ndege anayeweza kusema hana baba bila kutania, ni huyo.

Yai lenyewe lina rangi ya maziwa, limetapakaa vitone vya kahawia kama uso wenye madoadoa. La kuku huchukua siku 21, hili siku 28. Mashine yenye feni huwekwa nyuzi 37.5 za Selsiasi, mayai yanageuzwa mara kadhaa kwa siku, na zikibaki siku 3 kugeuza kunasimama na unyevu unaongezwa. Mfugaji anayefuatilia rangi huandika kwa penseli kwenye kila ganda namba ya banda na tarehe. Siku za mwisho huyahamishia kwenye vikapu vidogo vya waya, kila banda na kikapu chake, kwa sababu vifaranga wakishachanganyika ushahidi umepotea. Hata hivyo kikapu kina lugha yake: wa Bronze hutoka na michirizi ya kahawia mgongoni, wa Bourbon Red ni wekundu wa asali, wa White Holland njano, na Black giza lenye uso wa malai.

Baada ya hapo shida ni chakula. Kifaranga wa bata mzinga anaweza kufa njaa huku amesimama juu ya pumba. Watu huweka gololi zinazong'aa ndani ya maji na chakula, avutike kudonoa, na mdomo ujifunze. Wengine humchanganya na vifaranga wachache wa kuku wawe walimu, na hilo ni kosa la gharama. Kuku hubeba minyoo ya utumbo ambayo mayai yake husafirisha kimelea anayeharibu ini la bata mzinga. Kuku mwenyewe kwa kawaida haumwi sana. Ni onyo linalohusu pia nyumba nyingi za kwetu, ambako ndege hao wawili hulala kibanda kimoja.

Marekani kazi yote hii inakimbizana na tarehe moja, Alhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu ya Shukrani. Rudisha nyuma wiki 28 za kukua na siku 28 za mashine, unajikuta katikati ya Aprili. Huko Kansas, karibu na mji wa Lindsborg, Frank Reese amefuata kalenda hiyo kwa miaka mingi na koo za kale za Bronze, Narragansett, Bourbon Red na nyingine. Wateja waliokubali kulipa zaidi ili wawale ndege hao ndio waliompa sababu ya kuendelea kuwatotolesha. Kufikia 2006 ndege wazazi wa aina za kale walikuwa wamepita 8,800.

Wakubwa wakishakomaa, mfugaji hupita bandani na pete za miguu mfukoni. Anamwinua mmoja mmoja, anapapasa kifua, anaangalia kama miguu imenyooka, anamtembeza. Dume mwenye mkia mzuri kuliko wote akichechemea hapati pete. Anaandikwa kwenye orodha ya Novemba pamoja na wengine.