Ndege ya Povu Katika Mbuga ya Getanuwas

Wasikilizaji wapenzi, na ninyi wasomaji ambao hukutana nami katika ukurasa huu siku chache baada ya mazungumzo kwenda hewani, juma hili naacha bei ya sukari na foleni za mjini. Nataka tuzungumze juu ya ndege. Si ndege ya abiria, bali ile ndogo ya umeme ya mtu anayeanza kujifunza, ambayo mabawa yake kutoka ncha hadi ncha hayazidi sana mita moja, uzito wake haufiki kilo moja, na rubani wake amesimama chini akiwa ameshika rimoti. Huenda nduguyo aliyeko ng'ambo ameahidi kumletea mwanao moja. Basi nisikilize kwanza kabla boksi halijafunguliwa.

Somo hili nimelipata Getanuwas, wilayani Hanang, mkoani Manyara, nchi ya majani na ng'ombe wa Wadatoga, ambako mtu hutazama mbali mpaka macho yachoke. Mpwa wangu anafundisha fizikia upande huo. Aliniandikia kwamba amepata ndege ya namna hiyo, na kwamba anataka wanafunzi wake waone kwa macho yale wanayonakili ubaoni kila mwaka kuhusu hewa inavyobeba bawa. Nikaenda kumtembelea wakati wa likizo. Nilidhani naenda kutazama mchezo wa watoto. Nilirudi na kidole kilichofungwa bendeji.

Lakini kabla ya kidole kuna sheria. Hapa kwetu chombo kinachoruka bila mtu ndani yake kinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, yaani TCAA, kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2018, na idhini ya Wizara ya Ulinzi nayo huhitajika. Usijidanganye kwamba chako ni cha povu na hakina kamera, kwa hiyo hakihusiki. Nenda ukaulize kabla hujaagiza, upewe jibu la maandishi, na ukifika kijijini pita kwa mwenyekiti. Mpwa wangu alikuwa na barua zake ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo ulikuja nasi uwanjani kila siku kama cheti cha kliniki.

Sasa tufungue boksi. Ndani utakuta mwili wa ndege uliotengenezwa kwa povu gumu jepesi, ndugu wa lile linalozuia televisheni mpya isivunjike njiani, nusu mbili za bawa na ufito wa kuziunganisha, mkia, pangaboi, betri, chaja, na rimoti. Mota na waya kwa kawaida vimekwisha fungwa kiwandani. Kwa anayeanza, chagua ndege ambayo bawa lake limekaa juu ya mwili, na ncha zake zimeinuka kidogo kama mikono ya mtu anayeomba dua. Umbo hilo hujirudisha lenyewe sawa likipinda. Zile za bawa la chini, zenye sura ya ndege za kivita, ndizo watoto huzitaka, na ndizo huvunjika siku ya kwanza.

Kazi ya kuunganisha haimalizi saa moja, na hapo ndipo penye mtego, maana mtu akishaona inafanana na ndege hudhani imekuwa ndege. Gundi uijaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni, kwa sababu ziko gundi, kama zile za viatu, zinazokula baadhi ya mapovu mpaka yanabaki matundu. Mkia utazame kwa nyuma, jicho moja limefumbwa, uone kama umelala sambamba na bawa. Ukipinda hata kidogo, ndege itavuta upande mmoja safari nzima.

Halafu pangaboi. Hilo lifungwe la mwisho kabisa, baada ya mota na vibao vyote kujaribiwa. Nami niliyajua hayo, kwa kuwa mpwa wangu alikuwa ameyasema dakika kumi kabla. Lakini alipoondoka kwenda kuchukua bisibisi, nikaona ndege bila pangaboi ni kama jogoo bila upanga, nikalifunga. Nikachomeka betri. Rimoti ilikuwa mezani, imewashwa, nami nilipojiinamia kuitazama ndege vizuri, mkono wa koti langu ukasukuma kijiti cha nguvu. Kipande kile cha plastiki, ambacho kikiwa kimetulia unaweza kukidhania ni kijiko cha mtoto, huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Kilinichana kidole cha shahada hadi nikaona weupe wa ndani. Kama ningekuwa nimeinamisha uso, leo msingekuwa mnanisikia nikifanya mzaha.

Kwa hiyo ushike utaratibu huu kama sala. Rimoti huwashwa kwanza, kijiti cha nguvu kikiwa chini kabisa, ndipo betri ya ndege huchomekwa. Kwa kumaliza, kinyume chake: betri ya ndege huchomolewa kwanza, rimoti huzimwa mwisho. Sababu ni kwamba ndege isiyosikia rimoti yake isiachwe ikiwa na nguvu mwilini. Na tangu betri inapoingia mpaka inapotoka, hakuna mkono, shingo wala kamba ya kofia mbele ya pangaboi au ubavuni mwake.

Vibao vya mkia navyo vijaribiwe. Simama nyuma ya ndege. Ukivuta kijiti kuja kwako, kibao cha mkia kilicholala kinyanyuke. Ukisukuma usukani kulia, kibao kilichosimama kiende kulia. Kikienda kinyume, ndege itapaa vizuri tu, kisha itafanya kila unaloiomba kwa upande usioutaka. Baada ya hapo msaidizi aishike ndege huku wewe ukirudi nyuma na rimoti, umbali ambao kitabu chake kinautaja, uone kama vibao bado vinatii. Rimoti za siku hizi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, hazigombani sana kama zile za zamani zenye antena ndefu, lakini bado kipimo hiki ni cha lazima kila siku ya kurusha.

Sasa nije kwenye jambo lililotuangusha. Kila ndege ina mahali ambapo uzito wa mbele na wa nyuma hulingana. Kwa ndege hizi za kujifunzia mahali hapo huwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Unaweka ncha za vidole viwili chini ya bawa hapo, betri ikiwa ndani, unainyanyua. Ikilala sawa, au ikiinamisha pua kidogo, ni salama. Ikikalia mkia, usiirushe.

Sisi tuliipima mezani, ikalala sawa. Lakini tulipofika mbugani kifuniko cha puani kikakataa kufungika kwa sababu ya waya, mmoja wetu (simtaji, ila kidole chake kilikuwa na bendeji) akaisukuma betri nyuma kidogo, kama inchi moja na nusu. Kifuniko kikafunga. Hatukupima tena. Mpwa wangu akatupa ndege, ikaenda hatua kama ishirini, ikainua pua. Akasukuma kijiti kuishusha. Ikainua zaidi, ikasimama hewani kama mtu aliyesahau anachotaka kusema, halafu bawa moja likadondoka nayo ikaja chini kwa pua. Hiyo ndiyo tabia ya ndege yenye mkia mzito: haikosei polepole, na rubani mpya hana la kuifanya.

Ilianguka karibu na kijana mchungaji, wa miaka tisa au kumi, aliyekuwa amesogea kushangaa pamoja na ndama zake. Kati ya pua ya ndege na mguu wa kijana hapakuwa na hatua tano. Ndama walitawanyika. Akaja mzee mwenye mifugo, fimbo mkononi na shuka begani. Mpwa wangu akamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, kisha akauliza swali moja tu: "Mwalimu, kitu hiki kinaongozwa na nani?" Hatukuwa na jibu zuri. Dakika ile hakikuwa kikiongozwa na mtu yeyote.

Tangu siku hiyo uwanja wetu ukawa na taratibu. Watazamaji wote nyuma ya rubani. Mmoja asiyerusha kazi yake ni kutazama ardhi tu: mtoto, ng'ombe, pikipiki. Hakuna kupita juu ya watu, nyumba, barabara wala maziwa ya chumvi ya upande huo ambako ndege hai hukusanyika. Hakuna kuiacha iende mbali hadi usijue bawa lipi ni la kulia, wala kuipandisha kupita mita 120, na ikisikika ndege kubwa popote, yetu inashuka.

Liko na jambo la nchi za juu ambalo mtu wa Dar es Salaam hatalikuta kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Nyanda zile ziko kama mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15; jua la mchana likiipasha moto, inakuwa nyepesi zaidi. Pangaboi linashika hewa kidogo, bawa linabebwa kidogo. Ndege ileile inayoelea polepole juu ya mchanga wa Kigamboni, Hanang inadai mwendo zaidi kabla ya kupaa, na inatua kwa kasi zaidi. Usiitupe kuelekea juu kwa kudhani unaisaidia. Nguvu yote kwanza, kisha isukume sawa na ardhi, ikitazama upepo, uiache ipate mwendo, ndipo uvute kijiti taratibu.

Na saa ya kurusha ni alfajiri, jua likishatoka na upepo bado umelala. Kuanzia saa nne asubuhi mbuga inaanza kuchemka, na visulisuli vya vumbi vinatembea kama watu. Tulimwona mwewe mmoja akipanda juu yake kwa raha zake. Yeye amezaliwa nayo.

Katika kuongoza kwenyewe, kinachowashinda wengi ni kupoteza pande. Ndege ikienda mbali nawe, kulia ni kulia. Ikigeuka kuja kwako, kulia kwake ni kushoto kwako, na mkono unachanganyikiwa. Dawa niliyofundishwa ni hii: ikija kwako, sukuma kijiti upande wa bawa linaloinama, kana kwamba unalitia mwega. Fanya makosa yako juu, kama mita 30 hivi, ambako kuna nafasi ya kuyasahihisha. Ukiona lazima inaanguka, kata nguvu ya mota kabla haijagusa ardhi, maana mota iliyozuiwa kuzunguka huku inalishwa umeme huungua, nayo huweza kuunguza waya zake.

Betri nisiipite upesi. Ni ya lithiamu, seli tatu zilizofungwa pamoja. Kila seli ikijaa ina volti 4.2, na isishuke chini ya volti 3, la sivyo imekufa au imegeuka kuwa hatari. Ichajiwe kwa chaja yake inayosawazisha seli, mtu akiwa macho pembeni, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu, kamwe si kitandani wala usiku wa manane. Mpwa wangu huichaji kwa umeme wa betri ya gari inayojazwa na sola. Iliyovimba haitumiki tena. Iliyoanguka na ndege iwekwe nje, peke yake, nusu saa nzima, kwa sababu huweza kutulia kwanza na kuwaka baadaye. Ukiiweka bila kuitumia, iache na volti 3.8 kwa kila seli, na usiisahau ndani ya gari lililofungwa juani. Angani, weka kengele ya dakika sita hata kama inaweza kwenda kumi.

Mwanafunzi mmoja, binti mkimya, aliuliza kama ndege yetu ingeweza kwenda kuutazama Mlima Hanang. Nilielewa alikotoka. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima ule na kufunika sehemu za Katesh. Mwalimu wake hakumdanganya. Alimwambia hii haiwezi. Mlima unapita mita 3,400, na ndege yetu haina jicho. Lakini akamweleza kwamba Zanzibar, tangu mwaka 2016, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa walirusha ndege za povu na umeme, nyepesi kama hii, zilizopiga picha za kuchorea ramani ya Unguja na Pemba. Na kwamba mwaka 2018 chombo kisicho na rubani kilijaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, safari ya kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika 40 hivi. Binti akaandika namba hizo kiganjani, maana daftari lilikuwa darasani.

Asubuhi ya mwisho, betri ikiwa imerudi puani na kupimwa tena palepale mbugani, mzee alikuja mwenyewe na kuwapeleka ndama upande wa pili. Alitutaka jambo moja, kwamba mwalimu awe anampelekea habari jioni ya kuamkia siku ya kurusha. Ndege ilipaa, ikazunguka mara nne kwa duara pana, ikarudi ikitazama upepo na kuteleza juu ya majani. Mpwa wangu alichomoa betri, kisha akazima rimoti, ndipo wanafunzi wakaruhusiwa kukimbia.