Saini Nane za Arusha na Kapu la Mama wa Lunga Lunga

Mama anayevuka Lunga Lunga kwenda Horohoro na kapu lake anajua ushuru na anajua foleni. Muulize mbunge wake wa Afrika Mashariki ni nani, atakutazama tu. Si kosa lake, hakumpigia kura.

Kila nchi ya Jumuiya ina wabunge 9 katika Bunge la Afrika Mashariki, EALA, lenye makao Arusha. Huchaguliwa na bunge la nchi yao, na hawaruhusiwi kuwa wabunge wa nyumbani. Kifungu cha 50 cha Mkataba chataka 9 hao wawakilishe vyama, jinsia, mirengo ya mawazo na makundi maalumu. Mwaka 2006 Kenya ilipeleka majina bila kura ya kweli kupigwa. Mahakama ya Jumuiya iliwazuia kuapishwa, na Machi 2007 ikaamua kwamba kanuni tulizotumia zilivunja Mkataba.

Hata wakipatikana wabunge wazuri, hawatungi sheria peke yao. Mswada ukipita Arusha huenda kwa marais wote. Usipotiwa saini ndani ya miezi mitatu hurudishwa bungeni pamoja na sababu. Ukipelekwa tena na rais mmoja tu akakataa, umekufa. Jumuiya ilianza na nchi tatu. Leo, Somalia ikiwemo, ni saini 8.

Serikali nazo zimewahi kupitia mlango mwingine. Mnamo 2005 Calist Mwatela, mwenzetu wa Taita aliyekuwa EALA, alienda mahakamani na wenzake wawili baada ya Baraza la Mawaziri kuichukua miswada ya wabunge. Mwaka 2006 walishinda: mswada ukishafika bungeni ni mali ya bunge, waziri hauondoi bila ruhusa. Binafsi naona kesi ile haikupewa uzito wake huku kwetu.

Pande mbili zikikubaliana, tofauti huonekana mpakani. Sheria ya Forodha ya 2004 ilipita EALA, marais wakatia saini, na ndiyo afisa wa Lunga Lunga anayoitumia hadi leo. Upo pia utaratibu wa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani isiyozidi dola 2,000, hupita kwa cheti rahisi cha asili bila ushuru wa forodha. Ada nyingine zaweza kubaki, na hapo ndipo wengi hudhani wameibiwa. Wengine hulipa ushuru wasiodaiwa kwa kuwa hakuna aliyewaambia habari za cheti hicho.

Kumwambia ni kazi ya nani? Serikali ina ofisi pale mpakani. Mbunge wa Arusha ana wajibu wa kuja kusikiliza, kisha kuwauliza mawaziri bungeni.

EALA ya sasa ilianza Desemba 2022 na muhula ni miaka mitano. Wabunge na maseneta tutakaowachagua 2027 ndio watakaowapigia kura wale 9 wapya. Mgombea akifika Vanga au Shimoni na lesso zake, aulizwe na hilo pia.