Mwizi Ana Wajomba

Ukikamatwa na mbuzi wa watu kijijini Kabambare, mashariki mwa Kongo, swali la kwanza halihusu jina lako. Utaulizwa: "Wewe mtoto wa nani?" Hapo ndipo kesi inapoanza. Wazee wanakaa barazani chini ya mwembe, na mjomba wako anakuja kuketi upande wako akijua fika kwamba atakayelipa ni yeye. Watu watasamba, yaani watavutana kwa maneno, hadi jua lipinduke. Mwishowe lamande, yaani faini, inatajwa: mbuzi arudi, wa pili aongezwe, na wazee wapate kuku wao. Huna kitu? Ukoo unachanga. Na mjomba aliyetoa mbuzi wake kwa ajili ya tumbo lako hatakuacha ulale. Masimango yake ya mwaka mzima yanauma kuliko fimbo.

Msituni kaskazini, Warega wa Pangi na Shabunda waliishi bila mfalme wala polisi. Walikuwa na chama kiitwacho Bwami, na Wazimba, jirani zao wa lugha upande wa Kasongo, walikuwa na chama cha namna hiyo. Bwami ni ngazi. Juu kabisa wako kindi, wenye kofia ya mkia wa tembo. Hakuna aliyezaliwa kindi. Kila daraja lilidai mali nyingi, na mali hiyo hutoka kwa ndugu, wakwe na wajomba. Sasa mgomvi, au anayenyemelea wake za watu, nani angemchangia? Kijana aliuma ulimi leo kwa sababu ya daraja atakalolitaka akiwa na mvi.

Mafundisho ya Bwami yalichezwa kwa ngoma na methali. Mwalimu alitoa kisanamu cha pembe ya ndovu chenye mkono mmoja, kuboko kumozi: huyu ndiye aliyependa ugomvi mpaka ugomvi ukamla mkono. Hotuba ya nini tena?

Kasongo ilijua sheria nyingine. Mnyororo wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa, ulitangulia. Majeshi ya Dhanis, kamanda wa Kibelgiji, yakauteka mji Aprili 1893, na buloko, yaani jela, ikafuata. Mwaka 1926 Wabelgiji walizipangia baraza za wenyeji dekreti yao, na 1948 wakaipiga Bwami marufuku. Waliogopa ngazi wasiyoishika wao.

Hata hivyo sitaipaka asali mila hiyo. Mtumwa na mgeni asiye na ukoo hawakuwa na wa kuwasemea. Bibi kizee aliyeshukiwa ulozi aliweza kunyweshwa mwavi, sumu ya kumjaribu, na pengine waliomnyooshea kidole ni wa nyumbani kwake. Msichana aliyebakwa, mbuzi walienda kwa baba yake. Sheria ya Kongo ya 2006 inataka kesi kama hizo zifike mahakamani, lakini mahakama iko mbali na mbuzi wako karibu.

Sasa twende Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu ya Namoya. Wachimbaji wametoka kila upande. Mwizi wa mchanga wa dhahabu akiulizwa ni mtoto wa nani, anataja kijiji ambacho hakuna hata mmoja pale anayekijua. Pengo kama hilo, huku mashariki mwa Kongo, wenye bunduki wanalijua sana: wanasambisha kesi wao wenyewe, wanakutia andakini, yaani shimoni, na lamande inaishia mifukoni mwao. Mzee wa baraza anabaki na swali moja la kumuuliza kijana:

"Mjomba ana simu?"