Je, Wajua? Choo Huvuja Bila Kulowesha Sakafu

Je, wajua kwamba choo cha kuvuta maji kinaweza kuvuja usiku na mchana bila tone hata moja kuanguka sakafuni? Maji hupenya chini ya kizibo cha mpira kilichomo ndani ya tangi, yakateremka kwenye bakuli na kupotelea kwenye bomba la majitaka. Kikivuja nusu lita tu kwa dakika, zinapotea lita 720 kwa siku. Kwa siku 30 ni lita 21,600, yaani zaidi ya uniti 21 kwenye bili yako.

Kupima ni rahisi. Tia matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi, kisha usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, kizibo hakizibi. Funga koki, vuta maji yaishe, sugua utando wa chumvi kwenye mdomo wa tundu, na ubadilishe mpira uliokakamaa. Ikiwa maji yanafurika na kuingia kwenye bomba la wima lililo katikati ya tangi, shusha boya mpaka yasimame sentimita 2.5 chini ya mdomo wa bomba hilo.

Rekebisha leo, mtaani kuna anayeyatafuta maji hayo kwa ndoo.