Fyekeo la Mei na Nyasi za Ngerengere

Anayezungumzia uhifadhi Morogoro huzungumzia milima. Msitu wa Uluguru una watetezi wake, na unawastahili: una viumbe wasiopatikana kwingine popote duniani, na ndiko Mto Ngerengere unakoanzia kabla ya kupita bwawa la Mindu na kushuka kuungana na Ruvu. Huku bondeni, katika tambarare za Ngerengere, nyasi ndefu za asili na maua ya porini yanayoota katikati yake hazina mtetezi. Zinapungua huku nchi ikiendelea kuwa na rangi ya kijani kila masika, na kijani hicho ndicho kinachotufanya tusione kwamba kuna kitu kinachoondoka.

Nyasi za kudumu, kama zile ndefu za kuezekea za jamii ya Hyparrhenia, au Themeda triandra ambayo ng'ombe huipenda, huishi miaka mingi katika kichaka kimoja. Mvua zinapoanza, sehemu inayokua iko chini kabisa, karibu na udongo. Fyekeo likipita juu, jani hukatika na mmea huendelea. Masika yakielekea ukingoni mambo hubadilika. Mmea hunyanyua bua, hutoa suke, na hupeleka chakula mizizini ili uvuke kiangazi. Wiki hizohizo ndizo majani yanapokuwa marefu kuliko wakati wowote, na ndizo watu wanapoagizwa kuyafyeka kando ya barabara, kuzunguka shule na ofisi, na pembeni mwa reli. Mmea uliokatwa wakati huo hupoteza mbegu za mwaka mzima, kisha hulazimika kuchipua kwa kutumia akiba ya kiangazi. Ukikatwa mara moja haufi. Miaka mitano mfululizo, pamoja na kwato za mifugo juu yake, ni jambo jingine.

Ukoka hauna tatizo hilo. Hutambaa, huotesha mizizi kila pingili, na fyekeo huupitia juu huku likiuondolea majirani waliokuwa wakiutia kivuli. Ndulele nayo hunufaika, kwa kuwa ina miiba na mifugo huiepuka. Mimea yenye viazi au mizizi minene ardhini huweza kustahimili kwa muda, lakini ile inayotegemea mbegu peke yake hutoweka kwanza, na hakuna anayeihesabu.

Watu wa tambarare hizi hawakuanza leo kukata nyasi. Waliezeka nyumba kwa nyasi vizazi na vizazi, wakakata kwa wingi, na nyasi zikarudi. Sababu ni kwamba nyasi za kuezekea hukatwa zikiwa zimekauka. Kiangazi suke limeshapukutisha mbegu, akiba iko mizizini, na anayekata huchukua bua ambalo mmea hauna haja nalo tena. Kwa maoni yangu tofauti hii ni nzito kuliko hesabu ya mara ngapi eneo limefyekwa.

Kuna pia mambo makubwa kuliko fyekeo, na lisibebeshwe yote. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakaenea kandokando yake. Penye jembe na trekta mizizi ya kudumu iling'olewa moja kwa moja. Mkaa umefungua mapori. Mifugo imeongezeka huku malisho yakipungua, na ng'ombe wanaorudi mahali palepale kabla nyasi hazijapumzika hufanya kazi ya fyekeo kila wiki. Moto wa Septemba na Oktoba, majani yakiwa makavu kabisa, huunguza zaidi ya ule wa Juni.

Hata hivyo kuacha kabisa si dawa. Huko Ukulinga, karibu na Pietermaritzburg nchini Afrika Kusini, kuna majaribio ya kuchoma na kukata nyasi yaliyoanza mwaka 1950. Vipande vilivyoachwa bila moto wala kukatwa vilipoteza zaidi ya nusu ya aina zao za nyasi. Themeda ilisongwa na mimea mirefu na majani makavu yaliyolundikana. Nyanda hizi zimekua pamoja na moto na meno ya wanyama. Zinahitaji kuguswa, ila kwa wakati wake.

Ndiyo maana reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 na kuweka kituo Ngerengere, ni nafasi adimu. Njia yake ina uzio unaozuia mifugo. Ndani ya ukanda huo mrefu, hatima ya nyasi iko mikononi mwa anayepanga ratiba ya usafi. Karibu na njia ya treni lazima pafyekwe daima kwa ajili ya usalama na moto, na hilo halina mjadala. Pembeni, kuelekea uzio, mkataba wa usafi unaweza kusema wazi: pafyekwe mara moja mwanzoni mwa mvua ikibidi, na mara nyingine mbegu zikishapukutika na kabla ya moto mkali, na majani yaliyokatwa yaondolewe yasifunike machipukizi. Barabara za wilaya na viwanja vya shule vinaweza kufuata kalenda hiyohiyo bila gharama ya ziada, kwa vibarua walewale na mafyekeo yaleyale.