Kuchora Maumbo ya Vipimo Vitatu kwa Kompyuta

Mwalimu wa hisabati afikapo kwenye mada ya maumbo yenye urefu, upana na kimo hukabiliwa na tatizo la pekee: ubao ni bapa, karatasi ni bapa, na skrini ya kompyuta nayo ni bapa. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi ya kuchora tufe na mchemraba kwa programu ya kuhariri picha, kisha kuonyesha mpaka wa picha hizo darasani. Tutatumia GIMP, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Kanuni ya nuru

Jicho hulitambua umbo nene kwa jinsi nuru inavyoliangukia. Upande unaoielekea nuru hung'aa. Upande wa pili huwa na giza. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, mwanachuo aamue nuru itoke wapi, na asibadili uamuzi huo. Hapa nuru yetu itatoka juu, kushoto.

Tufe

Fungua ukurasa mweupe, uongeze tabaka jipya juu yake, mithili ya karatasi ya plastiki angavu. Chukua zana ya kuteua duaradufu. Ukishaanza kuburuta kipanya, bonyeza Shift ili upate duara kamili. Chagua rangi nyeupe na buluu iliyoiva. Kisha, kwa zana ya mpito wa rangi iliyowekwa katika mtindo wa mviringo, vuta mstari kutoka juu kidogo, kushoto kwa kitovu, hadi ukingo wa chini kulia. Duara litaonekana tufe. Mwisho, katika tabaka lililo chini ya tufe, chora duaradufu jeusi na kufifisha kingo zake. Bila kivuli hicho tufe huonekana likielea hewani.

Mchemraba

Chora pembesita sawa iliyosimama juu ya kipeo kimoja. Unganisha kitovu chake na kipeo cha chini, na vile viwili vya juu vilivyo kushoto na kulia. Zitapatikana nyuso tatu. Utie uso wa juu rangi nyepesi, wa kushoto rangi ya wastani, na wa kulia rangi nzito.

Mpaka wa picha

Sasa mwambie mwanafunzi ahesabu. Atapata nyuso 3, kingo 9 na vipeo 7. Amehesabu sawasawa alichokiona. Lakini mchemraba una nyuso 6, kingo 12 na vipeo 8. Picha imeficha nyuso 3, kingo 3 na kipeo 1. Mwalimu asiyetambua jambo hili humkemea mtoto, kumbe mtoto ameona vema. Iliyopungua ni zana.

Hatuna budi, basi, kufuata utaratibu. Kwanza, wanafunzi washike mchemraba wa udongo au wa boksi, wauhesabu kwa vidole. Pili, waonyeshwe picha na kutaja kilichofichwa. Tatu, wachore wenyewe. Kompyuta ikikosekana, somo bado laweza kufundishwa. Hatua ya kwanza ikikosekana, picha iliyo nzuri kuliko zote haitamfundisha mtoto upande asiouona.